Mwavuli wa Bi Sitara

Jumatatu, 11 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imenyesha mchana wa leo, robo saa tu, na tayari Mtaa wa Narung'ombe umeshaharibika. Tope mpaka kizingitini. Mama alinifokea niingize mashuka tuliyotundika nje ya duka, na wakati nayakunja simu ikaita, ni Ansbert wa bendi yetu: barua imekuja, tunaenda Italia. Mwezi wa tano, mji unaitwa Bologna, onyesho moja kwenye tamasha la muziki.

Nimechukua daftari gumu la dukani ambalo lilikuwa halijaguswa. Mama akiliulizia nitasema panya. Sijawahi kuandika shajara, ila na Ulaya pia sijawahi kwenda.

Kwa atakayelisoma nikishakufa: naitwa Candida, miaka thelathini na minne, kwetu Rombo, Kariakoo nimeletwa nikiwa mgongoni. Mchana nauza mashuka na mapazia kwa Mama. Ijumaa na Jumamosi napiga kinanda katika Mkunguni Jazz, bendi ya dansi ya watu wanane ambayo ina miaka thelathini na haijawahi kuvuka Nairobi. Kiongozi wetu ni Ansbert, mpuliza saksafoni, Mhaya mmoja nadhifu ambaye hata akiagiza chai anaongea kama anasoma risala. Namheshimu kuliko wanaume wote ninaowafahamu.

Jumamosi, 16 Machi

Mazoezi. Awadhi amenichosha. Huyu ndiye mpiga gitaa wetu wa solo, mzaliwa wa hapa hapa Mtaa wa Sikukuu, miaka hamsini na tano, na kila siku anatumia nusu saa kukaza nyuzi kabla hajapiga hata noti moja. Leo kasimamisha wimbo mara sita kwa ajili yangu.

"Candida, hapo unakimbia. Nani anakufukuza?"

Wote wakacheka. Yeye amefunga Ramadhani, mimi nimeshiba chipsi, kwa hiyo nimemsamehe nusu.

Ijumaa, 29 Machi

Ijumaa Kuu. Mvua tangu Njia ya Msalaba mpaka naandika haya.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Awadhi ametualika bendi nzima kwao. Nimekwenda kwa ajili ya pilau, nimerudi na mama mwingine.

Bi Sitara, mama yake, anaishi vyumba vya mbele vya nyumba ya zamani, na bintiye Nasreen ndiye anayemtunza. Ana sukari, na mguu wa kushoto una kidonda kinachokataa kupona. Anakaa kitandani, mto mgongoni, anatoa amri. Nilipomwamkia shikamoo alinishika mkono asiuachie.

"Marahaba. Wewe ndiye unayekimbia kwenye kinanda?"

Nikamtazama Awadhi. Akajifanya anakuna nazi.

"Usimjali," Bi Sitara akasema. "Baba yake alikuwa hivyo hivyo. Chai ikizidi sukari punje moja, mwaga. Haya, mkienda huko, nileteeni mwavuli."

Awadhi akamwambia miavuli imejaa Kariakoo, hatua ishirini kutoka mlangoni.

"Hiyo ya Kariakoo upepo ukija inageuka sahani. Nataka mwavuli wa kizungu, mweusi, mpini wa mti. Mguu ukipona nitoke nao mpaka Mnazi Mmoja, watu waniulize nimeupata wapi."

Tulicheka sana. Nasreen peke yake hakucheka, alikuwa anabadilisha kitambaa cha kidonda na amegeuza uso pembeni.

Alhamisi, 25 Aprili

Jangwani maji yamejaa, barabara imefungwa. Lucky, mpiga ngoma wetu, yuko Magomeni ng'ambo ya maji, hakufika. Tumefanya mazoezi bila ngoma. Ansbert akasema hata Nuhu alifanya kazi kwenye mvua.

Jumapili, 28 Aprili

Baada ya mazoezi mvua ilitubana mimi na Awadhi chini ya kibaraza cha duka la vipuri, yeye amekumbatia gitaa lake lililovikwa mfuko wa taka. Akanihadithia jambo ambalo miaka mitano tuliyopiga pamoja hajawahi kulisema.

Baba yake alipofariki, bendi aliyokuwa nayo wakati ule ilikuwa Tabora. Nyumbani wakapiga simu: mzee ana homa kidogo, ukipata nafasi njoo. Akapanda basi. Kwa kuwa mzee alikuwa na kikohozi, akanunua dumu la asali stendi, akasafiri nalo magotini siku nzima. Alipoingia mtaani akaona turubai na watu wamekaa mikekani. Mzee alikuwa ameshazikwa tangu siku iliyotangulia.

"Wote walijua," akasema. "Kiongozi wa bendi alijua. Konda alikuwa ameshaambiwa, ndiyo maana alinipa siti ya mbele na kunipa pole ya safari mara tatu. Mimi peke yangu na asali yangu. Mwenyewe nilikuwa nauliza abiria kama asali inafaa kwa mtu mwenye homa."

Nikamwambia ndivyo ilivyo kwetu sote, mfiwa haambiwi njiani, asije akaanguka huko akawa msiba wa pili. Hata Rombo ni hivyo hivyo.

"Najua. Ndiyo maana nakuomba. Mimi nina simu ya kitochi, huko haitashika. Nasreen nimempa namba yako. Likitokea lolote kwa mama, uniambie saa hiyo hiyo. Hata kama niko jukwaani. Niahidi."

Nikaahidi. Mvua ilikuwa imepungua na nilitaka kuwahi kufunga duka.

Jumatano, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Mama kafungua duka.

Jumatano, 8 Mei

Kesho tunaondoka. Nilipita kumuaga Bi Sitara. Mguu umevimba mpaka goti na chumba kina harufu ambayo udi hauwezi kuificha. Awadhi alikaa pembeni ya kitanda akasema haendi.

"Utakaa hapa unifanyie nini?" Bi Sitara akamuuliza. "Utaupigia mguu gitaa? Nenda. Niletee mwavuli wangu."

Nasreen alinisindikiza mpaka barazani. "Daktari anasema tusubiri tu," akaninong'oneza. "Mwaya Candida, simu yako usiizime."

Nimemwambia sitaizima. Mungu anisamehe, jioni nzima ninachowaza ni gauni gani la jukwaani.

Ijumaa, 10 Mei

Tumefika. Baridi, ila jua kali. Mwenyeji wetu ni dada wa Kiitaliano, Chiara, aliyefanya kazi miaka saba Iringa na anaongea Kiswahili safi kutuzidi. Awadhi aliulizia miavuli kabla hajauliza choo.

Jumapili, 12 Mei, uwanja wa ndege

Naandika ya jana. Wenzangu wamelala vitini. Awadhi hajalala, yuko mbele yangu, mwavuli katikati ya magoti.

Nasreen alipiga saa mbili asubuhi, wakati tunakunywa kahawa hotelini. Nilipoona jina lake nilitoka nje kabla sijapokea. Hakulia. Sauti ilikuwa kavu, ya mtu aliyekesha. Mama amefariki alfajiri, baada ya adhana. Wanazika leo, saa kumi, baada ya Alasiri.

"Mwambie kaka," akasema. "Kuja hawezi kuwahi, hilo tunajua. Lakini tukimaliza kumwosha, kabla hatujamfunika uso, nitapiga kwa video amwone. Saa nane ya huku, kwenu itakuwa saa saba. Ba'mkubwa Abubakary amekubali. Sawa, mwaya?"

Nikasema sawa. Nilirudi ndani na nia ya kumwambia, nitaapa popote. Awadhi alikuwa anampakia Lucky siagi kwenye mkate na kumcheka kwa sababu Lucky hajui kutumia kisu. Nikaenda kwa Ansbert kwanza. Hapo ndipo nilipokosea, maana ahadi haikuwa na Ansbert ndani yake.

Ansbert alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta.

"Apumzike kwa amani," akasema. "Awadhi ataambiwa tukifika nyumbani, mbele ya wazee wake. Mfiwa haambiwi safarini, Candida. Huo ndio utu."

"Nilimwahidi."

"Ulimwahidi kabla hujajua uzito wake. Ukimwambia sasa hivi, jioni nani atapiga solo? Wewe?" Kisha akaongeza kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza: "Miaka thelathini, binti yangu. Saa kumi na mbili leo tunapanda jukwaani. Mwache apate siku yake."

Sikubishana. Nimeliwaza hili tangu jana na ukweli ni huu, nauandika kwa wino: sikunyamaza kwa huruma wala kwa mila. Nilitaka kupiga. Nilikuwa na gauni jipya na uwanja wenye watu mia tano unanisubiri, na nilijua bila Awadhi hatuna muziki.

Basi tukatembezwa mji. Mji wenyewe una vibaraza vilivyoezekwa, mtaa kwa mtaa, unaweza kutembea siku nzima ya mvua bila kulowa. Awadhi alivipenda kuliko chochote. "Hivi ndivyo wangejenga Kariakoo," akawa anasema, "mama angetembea mpaka sokoni na mguu wake." Kila alipomtaja nilitazama viatu vyangu. Chiara alitupeleka kwenye minara miwili, mrefu na mfupi. Ule mfupi umeinama vibaya na umezungushiwa uzio, wanaogopa utaanguka. Tukapiga picha. Awadhi alisimama katikati, kofia yake ya kushonwa kwa mkono kichwani, akasema hii ya kumwonyesha mama, akaniomba niipige tena kwa sababu alikuwa amefumba macho.

Saa tano tuliingia duka la miavuli. Mzee mwenye duka alimfungulia kumi na miwili. Awadhi alikagua kila mmoja kama anavyokagua nyuzi, akaufungua, akaufunga, akaupuliza ndani.

"Candida, wewe mwanamke, niambie. Huu mpini haumchubui mkono mtu mzima?"

Nikaushika. Ulikuwa laini, wa mti wa rangi ya asali. Bi Sitara wakati huo alikuwa amelazwa, pengine maji ya kumwosha yanachotwa. Nikasema, "Huu ni mzuri, Kaka Awadhi. Atafurahi."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu.

Saa saba kasoro tukafika kanisa kuu. Kuna picha ya kale ya Bikira Maria ambayo hukaa mlimani na kila mwezi wa tano huteremshwa mjini. Chiara alituambia zamani mvua ilikataa kukatika, mazao yakaoza shambani, watu wakaibeba picha ile kwa maandamano na mvua ikaacha. Awadhi akasema yeye atasubiri ngazini na mwavuli wake, sisi tukaombe mvua ya Dar ipungue.

Niliwasha mshumaa kwa ajili ya Bi Sitara. Sijui kama inaruhusiwa. Nikiwa nimepiga magoti simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Nasreen, video.

Awadhi alikuwa hatua hamsini nyuma yangu, mlango uko wazi, namwona mgongo wake juani. Hatua hamsini. Simu ikatetemeka mpaka ikanyamaza. Ikaanza tena. Ansbert, aliyekuwa benchi la nyuma, akainama sikioni kwangu: "Waandikie kitu, wasiendelee kupiga." Hakuniambia nijibu nini. Maneno ni yangu mwenyewe. Niliandika: *Ameshajua. Amesema hawezi kumtazama. Endeleeni tu.*

Jibu lilichukua dakika tatu. *Sawa. Mwambie tunamwelewa.*

Saa tisa na nusu ukaja ujumbe wa sauti. Nikausikilizia chooni. Wameshamzika. Mvua ilikuwa kubwa, kaburi likawa linaingia maji, vijana wakayachota kwa ndoo mpaka dakika ya mwisho. Nyuma ya sauti ya Nasreen mvua inasikika ikipiga bati. Nililia, na Chiara akanikuta. Akanitoa nje, na Ansbert ndiye aliyemweleza, akamsisitiza Awadhi asijue. Chiara akaitikia kwa kichwa. Miaka saba Iringa, mila alikuwa anaijua.

Onyesho likaanza saa kumi na mbili, jua bado lipo. Uwanja umejaa, watu wa rika zote, wazee wameletewa viti. Chiara akapanda kututambulisha. Akaongea Kiitaliano, tukasikia majina yetu, makofi. Kisha sauti yake ikabadilika. Nikasikia "Awadhi", nikasikia "mamma". Uwanja ukatulia. Wazee wakainuka vitini mmoja mmoja, wakishikana mikono, wanaume wakavua kofia. Mama mmoja wa mbele akapiga ishara ya msalaba. Dakika nzima hakuna aliyekohoa. Watu mia tano wamesimama wanamtazama Awadhi.

Naye akaweka mkono kifuani, akainama. Akatabasamu, akawapungia.

Kisha akapiga. Sijui niandike nini kuhusu alivyopiga. Miaka mitano nilidhani anakaza nyuzi kwa kujidai. Jana nilielewa anachokitafuta, kwa sababu alikipata, na kila noti ilikuwa na mahali pake pa kukaa. Mimi sikukimbia hata mara moja. Watu walilia hadharani, na yeye alidhani ni utamu wa muziki.

Tuliposhuka nikamvuta Chiara pembeni. "Uliwaambia nini?"

"Kwamba mama yake amefariki leo asubuhi, na mwenyewe bado hajaambiwa, na tumsindikize mama huyu kwa kimya," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Hajui Kiitaliano. Nilifikiri ni vizuri angalau watu wamwombee."

Awadhi akatufikia akiwa amelowa jasho, akanishika bega.

"Umeona walivyosimama? Hata sijapiga bado. Hawa watu wana adabu, Candida. Nitamwambia mama."

Jumatatu, 13 Mei

Dar, saa tisa mchana, mvua. Nitaandika haraka kabla sijaanza kujipunguzia makosa.

Awadhi alikataa mwavuli upakiwe na mizigo, amekuja nao mkononi kutoka Bologna. Tulipotoka nje ya uwanja wa ndege alikuwa ananieleza atakavyoingia chumbani nao ameuficha mgongoni. Akasimama katikati ya sentensi. Mzee Abubakary, kaka wa baba yake, alikuwa amesimama kwenye uzio na fimbo yake. Mzee yule ana magoti mabovu, hatoki mtaani hata kwa harusi. Pembeni yake Nasreen, kanga nyeusi kichwani.

Awadhi hakuuliza. Aliweka gitaa chini, taratibu, kama ameambiwa na askari. Nasreen akamwangukia shingoni. Mzee Abubakary akamshika mkono.

"Mungu akupe subira, mwanangu. Tumemzika vizuri. Na usijilaumu. Ulipokataa kumtazama, sote tulikuelewa."

"Nilikataa nini?"

"Kwenye simu," Nasreen akasema. "Nilipopiga umwone mama. Si ulisema huwezi?"

Watu walikuwa wanatupita na mizigo yao, madereva wa teksi wanaita. Ansbert akakohoa, akaanza, "Ndugu Awadhi, kwa mila zetu," na hakuna aliyemgeukia. Awadhi aliniangalia mimi. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayehesabu mapigo ya wimbo.

"Juzi?"

"Juzi," nikasema.

"Saa ngapi?"

"Alfajiri. Nilipigiwa saa mbili, tunakunywa kahawa."

"Kwa hiyo kabla ya duka la miavuli."

Akaokota gitaa, akampa mkono mzee wake, wakaondoka watatu kwenye mvua, mwavuli kwapani mwake umefungwa na lebo inaning'inia.

Jumanne, 14 Mei

Tumekwenda msibani, bendi nzima. Nje wanaume mikekani chini ya turubai, maji yanavuja pembeni. Ansbert akatoa maneno kwa niaba yetu, akasema marehemu alikuwa mama wa sisi sote, akasema utu mara nne. Nilizihesabu. Suruali yake haikuwa na tone la tope, na mimi nikawa najiuliza mtu anawezaje kuvuka Kariakoo ya masika bila kuchafuka.

Mimi nikaingia ndani kwa wanawake. Nasreen alinipa mahali pa kukaa, akanimiminia chai, akanisogezea sahani ya kaimati. Vyote alivyompa kila mtu alinipa na mimi. Neno hakunipa. Kitanda cha Bi Sitara kilikuwa kimeinuliwa na kuegemezwa ukutani.

Ijumaa, 17 Mei

Mvua.

Jumamosi, 18 Mei

Mvua. Hakuna onyesho. Awadhi ametuma ujumbe kwa Ansbert kwa kitochi chake: anapumzika.

Alhamisi, 23 Mei

Mama ameniuliza kwa nini sili. Nimemweleza yote, kwenye kaunta, katikati ya wateja wa mapazia. Alisikiliza huku anapima kitambaa.

"Kumficha mfiwa si kosa," akasema. "Hata mimi baba yangu alipokufa nilifichwa, nikashukuru."

"Mama, niliwaandikia kwamba amekataa kumwona."

Mkasi ukasimama. Akanitazama, kisha akaendelea kukata. "Hilo halina mila," akasema. "Hilo ni lako."

Jumatatu, 27 Mei

Nilikwenda Mtaa wa Sikukuu kuomba radhi. Nasreen alitoka barazani akaniambia kaka amelala. Gitaa lilikuwa linasikika ndani, uzi mmoja, unakazwa na kulegezwa, unakazwa na kulegezwa.

Jumamosi, 1 Juni

Ansbert amepata mpiga gitaa wa muda, kijana kutoka Sinza. Anapiga vizuri. Anakimbia, na hakuna aliyemwambia. Ansbert amesema Waitaliano wametualika tena mwakani na wote wakapiga makofi. Nimepiga na mimi, mikono ilikuwa imeshaanza.

Jumatatu, 3 Juni

Awadhi amekuja dukani leo, saa nane mchana, mvua ya mwisho mwisho hii yenye matone makubwa. Amelowa chapachapa, kanzu imemganda mwilini. Mwavuli alikuwa nao, ameubana kwapani, umefungwa. Lebo bado ipo.

Alimwamkia Mama vizuri. Kisha akatoa simu ya Nasreen mfukoni, ameivingirisha kwenye plastiki, akaiweka juu ya kaunta kati yetu.

"Yule dada Chiara ametuma video ya onyesho," akasema. "Nimeitazama na watoto wa Nasreen. Hapa mwanzoni anaongea. Nitafsirie."

"Kaka Awadhi, sijui Kiitaliano."

"Najua hujui. Lakini alichosema unakijua."

Akabonyeza. Uwanja ukatokea, jua, sisi kwenye mstari na gauni langu. Chiara anaongea. Watu wanaanza kuinuka.

Nilitaka kusema walikuwa wanaheshimu bendi. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni, imenyooka, nzuri. Nikaimeza. Nikamwambia neno kwa neno nililoambiwa na Chiara: kwamba mama yake amefariki leo asubuhi, na mwenyewe bado hajaambiwa, na tumsindikize mama huyu kwa kimya.

Akairudisha mwanzo, akaitazama tena. Alipofika pale yule mama wa mbele anapopiga ishara ya msalaba, akaisimamisha akamwangalia kwa karibu. Akaiachia. Kwenye simu Awadhi mdogo akaweka mkono kifuani, akainama, akatabasamu, akapunga.

"Watu wote wale walisimama kumzika mama yangu," akasema. "Mimi nikawapungia mkono."

Nikamwambia nisamehe. Nililisema na machozi, nilishalisubiri wiki tatu. Yeye alikuwa anaivingirisha simu kwenye plastiki yake, kona kwa kona, kwa uangalifu ule ule wa kukaza nyuzi.

"Wakati ule mwingine nilifika na asali," akasema. "Angalau wale hawakunisaidia kuichagua."

Akamuaga Mama, akatoka. Nilimtazama mpaka kona ya mtaa, katikati ya wauza nguo wanaokimbizana na maturubai, anatembea taratibu, kichwa wazi, mwavuli kwapani.

Mama naye alikuwa anamtazama. "Huyo mbona analowa na mwavuli anao?"

"Labda ni mbovu," nikasema.